Unalala Upande Gani?

3 Machi

Kwako Chiriku,

Salamu nyingi sana. Natumaini zimekukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya msiba wa mama yako kimekuacha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linaleta maneno asubuhi, lakini likishapata jua linanyamaza.

Nimepata barua yako leo kwenye simu. Ilipolia nilidhani ni wale wanaonikumbusha salio, kumbe ni wewe. Nimefurahi umeniita "mpendwa," ingawa nimezoea kuitwa baba. Labda huko ndivyo mnavyoandika. Nimeisoma mara mbili. Maelezo ya springi na sponji nimeyaelewa vizuri, na nimeiona picha ya yule mwanamke anayejinyoosha kitandani huku anacheka. Sijawahi kuona mtu anaamka anacheka. Mama yako siku zangu za mapumziko alikuwa hasemeshwi mpaka kikombe cha kwanza cha chai kiishe.

Kuhusu lile godoro, mwanangu, asante kwa kunifikiria, ila bei yake siiwezi hata ukishaipunguza hivyo ulivyoipunguza. Letu bado linafaa.

Mwishoni umeniuliza, "Je, umelala vizuri wiki hii?" Nimekaa kwanza nikafikiri, sikutaka kukujibu ovyo. Nimelala vizuri. Wamebadilisha taa ya barabarani, wameweka hizi nyeupe, na mwanga wake unapenya pazia mpaka usoni. Basi nafunika macho na gazeti, kama nilivyokuwa nikifanya kiwandani saa ya mapumziko tukingoja unga uumuke. Friji nalo linaguna, linanyamaza, linaguna tena, kama mzee anayetafuta neno alilolisahau. Ila nalala.

Umefanya vyema kuuliza. Waliokuja msibani wote waliniuliza nimekula nini. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza nimelala vipi.

Wasalimie wenzako kazini.

Baba yako

*

5 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimeniacha, usiwe na shaka. Hilo goti lifunge kitambaa cha uvuguvugu kabla hujainuka, si baada. Nakujua, wewe huinuka kwanza halafu ndiyo ulalamike.

Baba, barua yako nimeisoma ofisini nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo.

Ile haikuwa barua yangu. Ni jarida la kampuni. Kila Jumanne linatumwa kwa barua pepe kwa watu wote waliowahi kununua godoro au mto kwetu, na wengine walioacha anwani zao tu. Ni maelfu, simjui hata mmoja. Wewe nilikuandikisha mwenyewe siku ile nilipokuwekea barua pepe kwenye simu, nikitaka uone kazi ninayofanya, halafu kwa zile purukushani za msiba nikasahau kukwambia. "Mpendwa" ni kila mtu. Yule mwanamke anayecheka tulimpata kwenye duka la picha.

Na lile swali la mwisho pia ni la kila mtu. Naliandika kwa sababu bosi anataka wasomaji wajibu. Anasema jarida lisilojibiwa ni sawa na kuongea na ukuta, tena ukuta wa kulipia. Amenipa mpaka mwisho wa Juni. Wasomaji wasipoanza kujibu, jarida litapewa kampuni ya nje, na mimi nitakuwa sina kazi. Usikose raha kwa hilo. Nakwambia tu ujue kwa nini mtu mzima anakaa anawauliza watu asiowajua kama wamelala.

Wiki hii waliojibu ni wawili. Mmoja alitaka tumwondoe kwenye orodha. Wa pili ni wewe.

Nafurahi kusikia unalala vizuri.

Mwanao,
Chiriku

*

11 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Kitambaa cha uvuguvugu nimekijaribu. Goti limekubali, ila limesema halikuzoea kubembelezwa.

Kwa hiyo wote hao ni mpendwa? Mama yako angesema una moyo mpana kuliko kibeti chako.

Basi nimeelewa. Lakini jana limekuja jingine, "Je, unaonaje huduma zetu?" na nimeshindwa kuliacha hapo kama mgeni aliyebisha hodi mtu yumo ndani. Sijawahi kupata huduma zenu, ila nimejibu hivyo hivyo ili bosi wako aone kuna mtu.

Nikwambie kitu, usinune. Swali kama hilo ni kama mtu anayepita barabarani na kusema "Habari?" Kabla hujafungua mdomo, keshapita. Unabaki kuujibu mgongo wake.

Ulipokuwa mdogo hukuuliza hivyo. Uliniuliza kwa nini mkate una matundu ndani, nikakwambia ni hewa. Ukatulia. Nikashukuru kwamba leo nimepona. Halafu ukasema, "Hewa ya nani?" Niliipeleka kiwandani ile, waokaji wenzangu wakaishi nayo. Kila mkate ukikatwa, mmoja anainua kipande juu: "Jamani, hewa ya nani hii?" Ndipo nilipoanza kukuita Chiriku. Siku hizo ulikuwa unauliza bure. Sasa unalipwa, naona umeanza kubania.

Mama yako alikuwa na kipaji cha kuuliza. Unakumbuka cherehani ilipo, pale dirishani sebuleni. Mteja akiingia, hakumuuliza anataka mshono gani. Alimzunguka, tepu shingoni, akasema, "Utakaa sana au utasimama sana?" Basi, hapo umeshafungua bomba. Nitasimama, fundi, maana ni harusi ya mdogo wangu, na mama mkwe atakuwa mbele pale, na yule bwana tuliyeachana naye kaalikwa, sijui na nani... Mama yako anapima kiuno tu na kusema "Ehe." Akifika kwenye pindo ameshaujua ukoo mzima. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaanza hivyo. Akasema, "Gauni la kukaa linataka nafasi nyuma. Hayo mengine wananiletea wenyewe."

Na mimi aliniuliza kwa mtindo huo huo. Narudi jioni, unga mpaka masikioni, badala ya "Za kazi?" ananiambia, "Leo soksi moja nyeusi na moja kahawia, ulikuwa unamvalia nani?" Nikivua viatu, kweli! Moja nyeusi, moja kahawia. Sikuwahi kujua alikuwa anajuaje kabla viatu havijatoka mguuni.

Nimeandika sana. Ukipata nafasi nijibu.

Baba yako

*

26 Machi

Shikamoo Baba,

Hali yangu njema. Huku mvua imekatika na mashuka yangu hatimaye yamekauka. Jirani yako aliponijibu salamu zangu alisema umepungua. Kula, Baba, usinitie aibu.

Barua yako niliisoma saa ya chakula nikasahau kula. Hiyo ya harusi na yule bwana aliyealikwa, nilimsikia Mama kabisa akisema "Ehe" na pini mdomoni.

Nikaamua kufuata njia yake. Nikafikiri: yeye aliuliza gauni litatumikaje, basi na mimi niulize godoro linatumikaje. Jumanne ya wiki iliyopita nikaandika, "Godoro lako, unalilalia peke yako au na mwenzako?"

Baba, walijibu. Walijibu mno. Mmoja aliandika, "Peke yangu, ila ninaweza kubadilika. Wewe uko wapi?" Mwingine akaleta picha yake amevaa fulana, amekunja mkono aonyeshe misuli. Mke wa mtu akaandika kwa hasira anataka kujua sisi ni nani hasa mpaka tumuulize mumewe maneno hayo, na mume naye, saa hiyo hiyo, akaandika akituomba tusimjibu mkewe chochote.

Bosi akaniita, akafunga mlango. "Sisi tunauza magodoro," akasema. "Hatuuzi wachumba."

Mwenzangu wa meza ya pili sasa ananiita Mshenga. Kila simu ikilia ananiambia, "Pokea, mahari hiyo."

Nimerudi kwenye "Je, unaonaje huduma zetu?" Hakuna anayejibu, lakini angalau hakuna anayevua shati.

Ile ya soksi naikumbuka. Nilidhani macho ya Mama yanapenya ngozi ya kiatu. Ndiyo maana sikuwahi kuthubutu kuficha kitu mfukoni.

Unalala vizuri, Baba? Ninayeuliza ni mimi, si jarida.

Mwanao,
Mshenga (zamani Chiriku)

*

29 Machi

Kwako Mshenga,

Salamu. Nimecheka mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kama ni kicheko au nimeanguka. Nikamsomea. Amesema umwambie yule wa fulana kwamba ana binamu yake bado hajaolewa.

Usione aibu. Swali lako halikuwa baya, ila lilikuwa na mlango mpana mno. Mama yako alifungua mlango mdogo, wa kupita mtu mmoja mmoja, na mtu akiingia ndiyo anakuta chumba kikubwa. Ukifungua lango zima, watu hudhani kuna mnada.

Kula nakula. Jirani huyo anayesema nimepungua ndiye anayekuja kula na mimi.

Nalala vizuri. Juzi tu niliamka mkono umekufa ganzi, nilikuwa nimeuegemea ule mkono wa mbao. Sasa nimeweka mto hapo, mambo yamekwisha.

Cherehani naifuta vumbi. Sindano bado ina uzi wa bluu aliouacha. Sijautoa, kwani unamsumbua nani?

Baba yako

*

JARIDA LA JUMANNE, 7 Aprili

Msomaji wetu,

Leo hatuna punguzo wala picha ya mtu anayecheka. Tuna swali moja.

Unalala upande gani wa kitanda, na ilianzaje?

Bonyeza kitufe cha kujibu. Nitasoma mwenyewe.

Mwandishi wa jarida

*

10 Aprili

Shikamoo Baba,

U hali gani? Goti? Mimi ni mzima, ila sijalala vizuri tangu Jumanne, na safari hii ni kwa raha. Umeliona swali?

Wanajibu, Baba. Siyo wale wa fulana, au wapo wachache tu waliozoea. Jumanne mchana yalikuwa majibu machache, nikajisemea ndiyo hayo. Jumatano nikafungua kompyuta, yakawa yanashuka tu, nashusha, nashusha, hayaishi. Nikamwita Bosi. Akasoma kwa kusimama, halafu akavuta kiti changu akakaa, mimi nikabaki nimesimama kwenye meza yangu mwenyewe.

Nikuandikie machache, majina nimeyaacha:

"Upande wa ukutani. Tulikuwa watoto watano kitanda kimoja na mimi ndiye mdogo, waliniweka huko nisianguke. Sasa nina wajukuu na bado siwezi kulala nisipogusa ukuta."

"Upande wa mlangoni, tangu usiku mtoto wetu wa kwanza alipolia na mke wangu akaniambia, zamu yako. Mtoto ana ndevu sasa. Zamu haijaisha."

"Mume wangu anasema upande wangu ni wote, yeye analala panapobaki."

"Katikati. Nilimfukuza."

Huyu wa mwisho tumemcheka, halafu nikaona ameandika tena saa moja baadaye: "Lakini miguu bado inakwenda upande wangu wa zamani."

Na mmoja anasema amesoma swali kwa sauti wakiwa mezani, na baba mkwe wake, mtu asiyesema zaidi ya "pitisha chumvi," akaweka kijiko chini akasimulia habari za kitanda cha bweni alichokuwa akilalia shuleni, mpaka chakula kikapoa. Hawakujua hata kwamba alisoma bweni.

Mwenzangu wa meza ya pili hanitanii tena. Yeye mwenyewe amejibu. Kushoto, kwa sababu ya sikio lake moja zito.

Ila nimetafuta kwenye orodha yote, wewe sikuoni. Ulizoea kujibu hata la huduma zetu. Au simu ina tatizo?

Mwanao,
Chiriku

*

20 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Nimepiga simu Jumapili, ukapokea, ukasema mzima, ukanieleza habari za bomba la jirani kwa kirefu, halafu ukasema salio langu litaisha. Salio lilikuwa langu, Baba, na halikuwa linaisha.

Barua hakuna. Jumanne imepita tena, jibu hakuna. Nimemuuliza jirani, anasema uko salama, unafagia uwanja, unamsalimia kila apitaye. Kwa hiyo simu si mbovu na wewe si mgonjwa.

Acha nikwambie lile swali lilitoka wapi.

Katika barua yako ya kwanza ulisema taa ya barabarani inakupiga usoni. Baba, chumba chenu kiko nyuma. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani na kamba ya nguo. Taa ya barabarani haijawahi kufika huko. Friji nalo likiguna jikoni, sebuleni linasikika, chumbani kwenu halisikiki hata likianguka. Nikajisemea labda umeandika tu. Halafu ukaja ule mkono wa mbao. Kitanda chenu hakina mkono. Chenye mikono ya mbao ni kochi la sebuleni. Nalijua vizuri, nilivunjia jino hapo.

Nilitaka kukuuliza moja kwa moja, nikakosa pa kuanzia. Ningesema, "Baba, kwa nini hulali chumbani?" ungesema joto. Ningesema, "Unamkumbuka Mama?" ungesema, "Sote tunamkumbuka," ukaniuliza kama nimekula. Kwa hiyo nikatafuta mlango mdogo. Nikakaa siku nyingi na kalamu, nikawa najiuliza Mama angeanzaje. Niliwauliza watu maelfu ili nikuulize wewe.

Wao wote wakaingia. Wewe umebaki nje.

Sikulazimishi. Ukitaka, nifanye kama sikuuliza. Ila nijulishe tu kama nimekuumiza.

Mwanao,
Chiriku

*

6 Mei

Shikamoo Baba,

Barua fupi. Bosi hakusubiri Juni. Leo asubuhi ameniambia jarida ni langu na halitoki nje ya jengo hili. Amesema kuna watu wameandika kuuliza swali la Jumanne ijayo ni lipi. Wanauliza swali, Baba! Wananunua na magodoro pia, hilo naona ndilo limemgusa.

Nilipotoka ofisini kwake nilitaka kumpigia Mama. Nilishatoa simu mkobani.

Sikuulizi kitu. Nimeona tu nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine.

Mwanao,
Chiriku

*

17 Mei

Kwako Chiriku,

Salamu nyingi, na hongera, mwanangu, hongera sana. Nimemwambia jirani, naye amemwambia kila mtu mpaka fundi viatu. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa ukimya. Hukuniumiza. Swali lako lilinishika tu mkono, na mtu akikushika mkono huwezi kuandika.

Kabla sijaendelea: hii usiichape. Hata ukificha jina. Hata Bosi akikupa kiti chake na yeye asimame.

Ni kweli, nilikuwa nalala kwenye kochi. Nilianza siku wageni wa mwisho walipoondoka. Nilijilaza kidogo kungoja usingizi uje ndipo niende chumbani, ukanikuta pale pale. Kesho yake nikasema leo nitaenda. Chumbani nikawa naingia kuchukua nguo tu, nazitoa upesi upesi, kama mtu anayejiibia.

Swali lako nilianza kulijibu siku ile ile. Niliona ni jepesi. Nikaandika: upande wa mlangoni, kwa sababu mwokaji huondoka watu wamelala. Na ilianza hivi. Kitanda kililetwa vipande vipande, tukakifunga wenyewe kwa bisibisi ya kuazima. Tulipomaliza skrubu moja ikabaki, hatukujua ni ya wapi. Mama yako akaitia kwenye kopo la vifungo, akasema, "Kikianguka tutajua." Mpaka leo hakijaanguka. Halafu akapanda kwanza, akajisogeza mpaka ukutani, akapigapiga godoro. "Wewe ni mtu wa kuondoka," akasema. "Kaa mlangoni."

Niliandika yote hayo kwa kidole kimoja. Nilipoyasoma nikaona naeleza habari za mtu aliyehama. Nikafuta.

Barua yako ya kochi ilipokuja niliona aibu. Nikaiweka simu kabatini na vikombe. Lakini ulishauliza, na swali likishaingia ndani ya nyumba halitoki kwa kufungiwa na vikombe. Nafagia, lipo. Nafuta cherehani, lipo. Wiki iliyopita, mchana, jua kali, nikaingia chumbani nikavua viatu nikajilaza, upande wangu, wa mlangoni.

Sikuweza. Godoro letu limechoka, unajua, lina mabonde mawili na tuta katikati. Nimelala kwenye bonde langu, natazama lake. Nikainuka. Nikasimama pale. Halafu sijui nini kilinipata, nikavuka tuta. Nikalala kwake, ukutani. Sijawahi kulala upande ule, Chiriku, katika miaka yote.

Unalikumbuka kabati letu, lenye kioo mlangoni. Kutoka kwangu kioo kile kilionyesha pazia, basi. Nilidhani ndicho kinachoonyesha kwa kila mtu. Kumbe kutoka kwake kinaonyesha mlango. Na mlango ukiwa wazi, kinaonyesha korido. Na kwenye korido, katikati kabisa ya kioo kama picha iliyotundikwa, kile kistuli changu cha kuvalia viatu.

Nikuambie nilivyokuwa nikitoka alfajiri. Nainuka bila kuvuta shuka. Nabeba viatu mkononi. Mlango siufungi nyuma yangu, kwa sababu bawaba yake inalia. Nawasha taa ya korido, nakaa kwenye kistuli, navaa soksi, navaa viatu, nazima, natoka. Kiwandani nilijisifu kwa hilo. Niliwaambia wenzangu, mimi mke wangu sijamwamsha hata mara moja.

Alikuwa macho. Alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nyeusi na kahawia.

Nimelala pale nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka. Niliwaza kwa nini hakuniambia, hata siku moja. Nadhani najua. Angeniambia, ningejua namwamsha, na ningekwenda kulala kwenye kochi nisimsumbue. Ningefanya hivyo hakika. Alikuwa ananijua. Basi akanyamaza, akaniacha nijione mwerevu, akangoja jioni akauliza la soksi.

Kwa hiyo andika jibu langu, ila liweke kwako: sasa nalala upande wa ukutani. Ilianza wiki iliyopita, kwa sababu ya swali la binti yangu. Godoro huku ni laini kuliko kwangu, alikuwa ananipunja kimya kimya. Friji silisikii. Asubuhi nikifungua macho kioo ndicho cha kwanza. Mlango nauacha wazi. Kistuli kipo, mtu hayupo. Siku mbili za kwanza niligeuka ukutani nisikione. Sasa nakitazama. Natazama kidogo, kama mtu anayemsindikiza mwenzake kwa macho mpaka apinde kona, halafu nainuka.

Viatu bado navalia pale pale. Nawasha na taa, hata kukiwa kumekucha.

Nimezisoma tena barua zetu zote, naona kila mara anayeulizwa ni mimi. Hiyo si haki. Nami nimekutafutia swali. Sitakuuliza kama unalala vizuri, ungesema ndiyo, wewe ni mwanangu. Nakuuliza hivi: huko uliko, asubuhi ukikaa kuvaa viatu, nani anakuona?

Usijibu upesi.

Baba yako